Wasee wa Voi, P2 Haizuii Ukimwi! Hii Hapa Tofauti ya PrEP na PEP

Kama umewahi kulala Voi ama Maungu, unajua venye usiku huwa. Trela zimejipanga kando ya barabara ya Mombasa, madere wanasaka chakula na mahali pa kulaza mbavu, na baa zimejaa. Mechi zinachezwa, zingine bila CD. Kukikucha watu wanakimbia kwa kemisti kununua P2.

Hapo ndio shida iko. P2 ni ya mimba tu. Virusi vya HIV haivijui kabisa. Na inauma kwa sababu dawa za kuzuia hivyo virusi zipo, na kwa hospitali za serikali ni za bure.

Tuanze na ile ya dharura, PEP. Hii ni ya baada. CD imepasuka, mtu amebakwa, ama nesi amejidunga na sindano ya mgonjwa. Uko na saa 72, na kila saa ikipita nguvu ya dawa inapungua. Piga hesabu: ukiteleza Ijumaa saa nne usiku, Jumatatu saa nne usiku mlango umefungwa. Kwa hivyo usikae kwa nyumba ukingoja kliniki ifunguliwe wiki ikianza. Kama uko Voi, ingia kasualti pale Moi County Referral, useme ukweli. Watakupima kwanza, kisha unameza kila siku kwa siku 28. Si siku tano halafu unaacha juu umeskia poa.

PrEP nayo ni ya kabla. Ni tembe moja kwa siku, ndani yake tenofovir na emtricitabine, na Kenya iliizindua nchi nzima Mei 2017. Wakenya wenyewe walisaidia kuthibitisha inafanya kazi: utafiti wa Partners PrEP ulifuata wapenzi zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda, mmoja ako na virusi na mwingine hana. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha tembe hiyo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na waliomeza vizuri walilindwa zaidi ya hapo.

Lakini inataka angalau siku 7 za kumeza mfululizo ndio ikulinde. Dere hawezi meza moja Mariakani akidhani akifika Voi ako sawa. Siku za kwanza unaweza skia kichefuchefu ama kichwa kuuma, mara nyingi inaisha.

Pia usiombe rafiki tembe zake. Lazima upimwe kwanza, na tena kila miezi mitatu, kwa sababu kama tayari uko na virusi, hizo dawa mbili pekee hazitoshi kukutibu na virusi vinaweza kuzizoea. Figo pia huangaliwa.

Kitu kinachoangusha watu wengi ni lile kopo. Linapiga kelele kwa begi, na ndani ni dawa za familia moja na ARV. Mtu wako akilipata, hakuna venye utamweleza akuamini. Binafsi naona heri hiyo aibu ya dakika tano, lakini naelewa.

Ndio maana watu wanaitaka sindano ya lenacapavir, unadungwa mara mbili tu kwa mwaka. Kwa utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, wasichana 2,134 walipewa sindano hiyo na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Ukienda kliniki, uliza kuihusu.

CD usitupe lakini. PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Na kama kazi yako ni ya barabara, leo Taveta kesho Malaba, waambie mapema kwa kliniki, uwaulize kama wanaweza kukupa tembe za miezi mitatu mara moja.