Je, Wajua? Gofu kwa Wanaoichukia Gofu

Je, wajua kwamba kuna gemu ya gofu iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wasioipenda gofu? Inaitwa What the Golf?, kazi ya studio ya Triband ya Copenhagen, Denmark, na ilitoka mwaka 2019. Watengenezaji wenyewe ndio walioinadi hivyo. Shimo la kwanza ni la kawaida: unavuta, unaachia, mpira unabingirika hadi kwenye bendera. Kisha unavuta tena, unaachia, na anayeruka si mpira bali mchezaji mwenyewe, anagaragara majanini mkono huku na mguu kule. Mbele ya safari utapiga nyumba nzima, utapiga gari, utapiga mapipa yanayolipuka, na kuna wakati uwanja unageuka wa kandanda na wewe bado unaambiwa unacheza gofu. Kila ukidhani umeshaizoea, inakubadilishia sheria.

Je, wajua kijana wa Mangina angefunga safari gani ili aone gofu ya kweli? Mangina iko takriban kilometa 30 magharibi ya Beni, Kivu Kaskazini. Dunia ililisikia jina lake tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa huko, na tangu hapo inalitaja kwa ugonjwa au kwa vita tu. Kutoka Beni unashika njia ya Kasindi, unavuka mpaka Mpondwe, unaingia Uganda na kuuzunguka mlima Rwenzori. Upande ule, Kilembe, wilaya ya Kasese, kuna uwanja wa gofu uliofungamana na mgodi wa shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo. Mgodi ulisimama miaka mingi iliyopita, lakini kilabu cha gofu bado kina jina la mgodi. Kwa hiyo Rwenzori ni mmoja, mtu wa Beni na mtu wa Kilembe wote wanauona, ila mashimo ya gofu yako upande mmoja tu.

Je, wajua kwamba gofu ya kweli nayo ina vichekesho vyake hapa kwetu? Uwanja wa gofu wa Jinja, Uganda, pale Naili inapotoka Ziwa Viktoria, ni maarufu kwa kanuni yake ya kiboko: mpira ukitumbukia katika wayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa kwa mkono na kuuweka kando bila adhabu. Triband hawakubuni upuuzi. Walichelewa tu kufika Jinja.

Je, wajua kwamba shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93? Kwa vipimo hivyo watu wazima wamelia mbele ya kamera.

Je, wajua kwamba Bunge la Uskoti liliwahi kuipiga marufuku gofu? Ilikuwa mwaka 1457, enzi za Mfalme James wa Pili, kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mishale. Wazazi wa Butembo wanaolalamika kwamba PlayStation imewaharibia watoto wana mwenzao wa tangu karne ya 15, tena mwenye taji.

Je, wajua wachezaji wanagombania nini hasa kuhusu What the Golf?? Si kama inachekesha. Hilo karibu wote wanakubali, hata wenye nyuso ngumu. Ugomvi ni urefu. Njia kuu ya gemu unaimaliza kwa saa chache, na hapo kambi mbili zinazaliwa. Kambi ya kwanza inasema utani ukirefushwa unachacha, na gemu hii ina akili ya kuondoka mezani kabla hujashiba. Kambi ya pili inasema pesa ni pesa: kama ninalipa, nataka wiki nzima. Watengenezaji waliliona hilo, ndiyo maana kila shimo lina raundi za ziada: ukishalivuka mara ya kwanza, unarudishwa ulifunge kwa mapigo machache, kisha unarudishwa tena na kukuta mambo yamepinduliwa. Mwenye haraka hupita mara moja akaenda zake. Mwenye roho ya kukusanya kila kitu hubaki hapo hadi usiku wa manane.

Mimi niko na kambi ya kwanza. Mchekeshaji anayerudia kichekesho chake mara tatu ni mgonjwa.

Je, wajua kwamba sheria ya duka nayo imeingia katika ugomvi huo? Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, hukurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Mpango huo ulianza mwaka 2015. Kwa gemu ndefu hauna madhara. Kwa gemu fupi za kuchekesha ni mtego: mtu anaweza kucheka kwa saa moja na dakika hamsini, akafuta machozi ya kicheko, kisha akadai pesa zake. Tena mtoa maoni katika duka hilo hana daraja la katikati: ni dole gumba juu au dole gumba chini, na pembeni saa zake alizocheza zinaonekana kwa kila mtu. Msomaji makini huangalia saa kwanza. Anayelaani baada ya dakika 20 na anayelaani baada ya saa 300 si watu wa aina moja, na huyo wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi.

Je, wajua kwamba katika gemu ya Golf With Your Friends watu 12 wanaweza kucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja? Ilitengenezwa Australia na Blacklight Interactive, ikaanza kuuzwa ikiwa haijakamilika mwaka 2016, ikakamilika Mei 2020. Unaweza kuubadilisha mpira uwe yai, au uwe na pembe kama sanduku. Unaweza pia kuruhusu mipira igongane au kukataza. Hapo ndipo tabia za watu zinapojulikana. Bila kugongana, ni gofu ya kuta na madaraja, ya kistaarabu. Mkiruhusu kugongana, yule rafiki yako mpole anaacha kutafuta shimo, anakaa mlangoni pa shimo kukusubiri wewe. Jina la gemu linawataja marafiki, na wachezaji wengi wametania kwamba baada ya raundi moja jina hilo linahitaji kurekebishwa.

Je, wajua kwamba kuna gemu ya gofu isiyo na kitufe cha kuanza upya? Desert Golfing, iliyotoka mwaka 2014 kwa mkono wa Mkanada Justin Smith, ni mchanga tu. Mchanga, shimo, idadi ya mapigo yako juu ya kioo. Haina muziki, haina maelezo. Ukikosea na kutumia mapigo 40 kwenye shimo moja, 40 hizo zinabaki kwenye hesabu yako milele. Mashimo hayaishi leo wala kesho. Sasa sikiliza wachezaji wake wanavyosimulia: baada ya mashimo mengi ya mchanga mtupu, linatokea jiwe. Jiwe moja, halina kazi, halizuii kitu. Na watu wanasisimka kana kwamba wameona bahari. Mara nyingine ni mdungusikakati, mara nyingine jua linazama. Wengine husema ni gemu ya kuchosha kuliko zote walizowahi kucheza, na wanasema hivyo wakiwa shimo la elfu moja na kitu. Utani wake ni mkavu kama uwanja wake, na kwa maoni yangu ndio unaodumu kuliko wote. Zaidi ya hapo, ni nyepesi na inachezeka kwenye simu ya Android, jambo ambalo What the Golf? haikuweza kujisifia: kwa upande wa simu, ilitoka kwa wateja wa Apple Arcade waliolipia kila mwezi, dola 4.99 wakati huduma ilipoanza. Kwa anayenunua mega kidogo kidogo pale butiki ya mtaani, tofauti hiyo ndiyo maoni yenyewe.

Je, wajua kwamba kosa la gemu liliwahi kumfanya Tiger Woods atembee juu ya maji? Katika Tiger Woods PGA Tour 08 mchezaji mmoja aligundua kwamba mpira ukisimama juu ya ziwa, Tiger wa kwenye gemu anaukanyagia maji na kuupiga kama kawaida. Akarekodi, akaweka YouTube, watu wakacheka. Kampuni ya EA ingeweza kuomba radhi. Badala yake, mwaka 2008 ilitoa tangazo ambamo Tiger Woods wa kweli anavua viatu na soksi, anatembea juu ya ziwa, anapiga, mpira unaingia. Jibu lao lilikuwa kwamba halikuwa kosa. Jamaa ni hodari kiasi hicho. Ni mara chache malalamiko ya mteja yakajibiwa vizuri hivyo.

Je, wajua kwamba ndani ya mashine za kwanza za Nintendo Switch ilifichwa gemu ya gofu? Ni Golf ya mwaka 1984, ambayo programu yake iliandikwa na Satoru Iwata, baadaye rais wa Nintendo. Iwata alifariki tarehe 11 Julai 2015. Switch ilipotoka mwaka 2017, wadadisi waligundua kwamba kalenda ya mashine ikiwa tarehe 11 Julai, ukanyoosha mikono yenye maneti, yaani vidhibiti vya kuchezea, kwa ile ishara ambayo Iwata alizoea kuifanya akizungumza na wateja kwenye video, gofu hiyo inafunguka. Masasisho ya baadaye yaliiondoa. Hii haichekeshi, najua. Ila siwezi kuandika juu ya gofu za video nikaiacha.

Haraka haraka, nyingine tatu. Golf Story ya mwaka 2017, ya studio ya Sidebar Games ya Australia, ina wazee wa kilabu wanaoshindana na vijana kwa kufokafoka mistari ya rap. Cursed to Golf ya mwaka 2022, iliyotoka Kyoto, inaanza na mchezaji anayepigwa na radi akiwa karibu kutwaa ubingwa. Ili afufuke, anatakiwa amalize mashimo 18 ya kuzimu. Na Dangerous Golf ya mwaka 2016, ya waliowahi kuongoza utengenezaji wa gemu za magari za Burnout, inakuingiza jikoni na kumbini uvunje vyombo kwa mpira wa moto. Wachezaji waliipenda saa ya kwanza. Saa ya pili vyombo ni vilevile.

Je, wajua kwamba kila gemu tuliyoitaja inapita, kwa namna fulani, Kivu Kaskazini? Ndani ya simu na mashine za gemu kuna vijikapasita vinavyotumia tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. Machimbo ya Rubaya, Masisi, peke yake yanakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. PlayStation 2 ilipoanza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, bei ya tantali ilikuwa inapaa, na mwaka huo ikapanda mara kadhaa kabla ya kuporomoka mwaka uliofuata. Wapo walioibebesha PlayStation lawama yote ya vita. Hiyo ni kutia chumvi: simu za mkononi na walanguzi waliojaza maghala walikuwa na sehemu yao, na vita ilikuwa imeanza kabla. Lakini kwamba madini yanatoka hapa, yanazunguka dunia na kurudi yakiwa maneti iliyochakaa vitufe, hilo si chumvi.

Je, wajua kwa nini gofu haijawahi kushika vyumba vya gemu vya Beni na Butembo? Humo mfalme ni kandanda: runinga, PlayStation, jenereta nje, benchi la mbao, na malipo kwa mechi. Wakati wa Ebola, ndoo ya maji yenye klorini ilisimama milangoni kote, na kitu kinachopita mkono kwa mkono siku nzima kama maneti hakikuhitaji kuelezwa ubaya wake. Gofu ya kawaida ingemwua mwenye chumba kwa njaa, maana raundi moja ni ndefu na watazamaji wangeondoka. Gofu ya kuchekesha ni jambo lingine. Shimo moja la What the Golf? linaweza kwisha kabla jenereta haijakohoa, toleo la Switch lina mchezo wa watu wawili wakishindana, na kuona mtu amepigwa akaruka kama mpira hakuhitaji Kiingereza wala Kifaransa.

Je, wajua kwamba gofu imechezwa mwezini? Alan Shepard wa Apollo 14, tarehe 6 Februari 1971, mipira miwili. Alitamba kwamba mmoja umekwenda mbali sana. Picha zilipochunguzwa upya mwaka 2021, ulionekana umekwenda kama mita 37.

Je, wajua ni kitu gani Triband hawajakiweka kwenye orodha yao ya vitu vya kupiga? Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, na huku Beni na Butembo bado inabeba magunia na mbao. Haina injini. Ikianza mteremko imeanza. Gemu inayojua kurusha nyumba haishindwi kurusha chukudu yenye viazi. Kazi ni kuisimamisha kwenye shimo la milimita 108, na dereva wake akidai alipwe kabla.