Vishale: kutoka ubao wa baa mpaka kazi ya kulipwa

Wadau, kila baa yenye ubao wa vishale ina jamaa mmoja ambaye hafungwi. Bia anakunywa za walioshindwa, na ukikaa naye utasikia: "Mimi ningezaliwa Uingereza saa hizi ningekuwa tajiri." Mkono wangu mimi ni wa kawaida tu, ila mchezo huu naufuatilia sana, kwa hiyo leo nawaeleza inakuwaje mtu anaishi kwa vishale. Tumchukue Phil Taylor, Mwingereza aliyebeba ubingwa wa dunia mara 16.

Taylor alizaliwa 1960 Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vishikio vya chooni, mshahara kama pauni 52 kwa wiki, na ana familia. Mkono alikuwa nao, lakini muda hana na nauli ya mashindano hana. Hapo ndipo vipaji vingi hufia!

Bahati yake, Eric Bristow, bingwa wa dunia mara 5, alikuwa na baa mji huo huo. Bristow akamkopesha karibu pauni 10,000 aache kiwanda afanye mazoezi tu. Haikuwa zawadi bwana, lilikuwa deni la kulipwa kutokana na ushindi. Mwaka 1990 Taylor akafika fainali ya dunia, na nani yuko upande wa pili? Bristow mwenyewe. Akamfunga 6-1!

Mambo yangeweza kuishia hapo, kwa sababu kipindi hicho mchezo ulikuwa unakufa kwenye televisheni. Mashindano yakipungua kwenye TV, wadhamini wanakimbia na mchezaji anakosa mshiko. Mwaka 1993 wachezaji 16 wa juu, Taylor na Bristow wakiwemo, wakajitenga na chama cha zamani. Chama kikawafungia. Walikuwa wanahatarisha ugali wao kabisa. Lakini kundi lao ndilo lililokuja kuwa PDC, ambako pesa kubwa iko mpaka leo. Taylor akachukua ubingwa wao mara 8 mfululizo, 1995 mpaka 2002.

Sasa siku hizi unaingiaje? PDC ina kadi 128 za kushiriki ziara yake, na kadi inadumu miaka 2. Orodha ya ubora haihesabu pointi, inahesabu pesa za zawadi ulizoshinda ndani ya miaka 2. Muda wa kadi ukiisha nawe uko nje ya 64 bora, unaanza upya. Nauli na hoteli ni juu yako. Kwa hiyo unaweza kuwa "profeshno" na bado unadaiwa kodi ya nyumba.

Taylor alistaafu Januari 1, 2018, akiwa na miaka 57, baada ya kufungwa 7-2 fainali ya dunia na Rob Cross. Cross alikuwa fundi umeme, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kwenye ziara. Akaondoka na pauni 400,000.

Kwetu je? Desemba 2025 Mkenya David Munyua aliingia ubingwa wa dunia London. Akawa nyuma seti 2-0 dhidi ya Mbelgiji Mike De Decker, akageuza kibao, akashinda 3-2. Na huyu ni daktari wa mifugo, ana kazi yake.

Ninachokiona mimi: kwetu mikono ipo mingi. Anayekosekana ni Bristow, mtu wa kulipia saa za mazoezi na nauli halafu adai chake. Mpaka apatikane, ndugu yangu, usiache kazi kwa sababu umewafunga wote pale baa. Fanya kama Munyua, kazi mkono mmoja, vishale mkono mwingine.

Haya, mnasemaje wadau? Mtaani kwenu nani mkali wa vishale, na nani anaweza kumdhamini?