Je, Wajua? Mwenye Kinywa Kinachonuka Huwa wa Mwisho Kujua

Alfajiri. Baba Asha anageuka kitandani na kusema, "Umeamkaje, mama Asha?" Mama Asha anajibu "Salama," huku kavuta shuka mpaka juu ya pua. Miezi sasa, na mume anadhani mkewe anaona baridi. Haya basi, ni kwa ajili yao wawili.

Je, wajua kwamba kisa chao ni cha kale? Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, anasimulia habari za Hiero, mtawala wa Syracuse kisiwani Sicily. Adui yake alimtukana kwamba kinywa chake kinanuka. Hiero akarudi nyumbani kamjia juu mkewe: mbona hukuniambia? Mke, ambaye hakuwahi kumkaribia mwanamume mwingine, akajibu kwamba yeye alidhani wanaume wote ndivyo wanavyonuka.

Je, wajua kwa nini mwenyewe hajui? Nyani haoni kundule, na pua haisikii inachoishi nacho. Harufu ikikaa nawe kutwa, ubongo huacha kuitangaza. Ndiyo maana kupumulia kiganjani hakusaidii sana. Jaribu hivi: lamba mkono kwa ndani, pale saa inapofungwa, subiri sekunde kama 10 pakauke, kisha nusa. Au kwangua nyuma ya ulimi kwa kijiko, unuse kijiko. Kipimo cha kuaminika zaidi, hata hivyo, ni pua ya mwenzako.

Je, wajua kwamba tumbo husingiziwa tu? Takriban visa 8 hadi 9 katika kila 10 huanzia kinywani humo humo: nyuma ya ulimi, kwenye ufizi, kwenye meno yaliyotoboka na katikati ya meno. Umio hujifunga wakati hakuna kinachomezwa wala kucheuliwa, kwa hiyo harufu ya tumboni haipandi ovyo.

Je, wajua kinachonuka hasa ni nini? Ni gesi zenye salfa. Bakteria wasiopenda hewa hujificha kwenye utando wa ulimi na chini ya ukoga, wakala mabaki ya chakula na seli zilizokufa, kisha wakatoa gesi. Mojawapo ni ileile ya yai viza. Nyingine hunuka kama kabichi iliyooza.

Je, wajua kwamba watu wengi husugua meno yote 32 na kuusahau ulimi? Utando mwingi uko nyuma kabisa, mswaki usikofika kwa sababu mtu anaogopa kutapika. Toa ulimi, pumua kwa pua, kwangua kutoka nyuma kuja mbele. Kisha pitisha uzi wa meno, halafu unuse huo uzi. Ukinuka, umeshapata jibu. Na damu ikionekana kwenye mswaki mara kwa mara, ufizi unaumwa. Hapo peremende hazitibu kitu.

Je, wajua kwa nini asubuhi ni mbaya zaidi? Usingizini mate hupungua sana, na mate ndiyo maji ya kuoshea kinywa. Anayelala mdomo wazi au kukoroma huamka nao umekauka zaidi. Sigara, pombe, miraa na baadhi ya dawa, zikiwamo za mzio na za msongo wa mawazo, nazo hukausha. Maji ya kunywa ni dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Je, wajua kwamba kitunguu saumu hakiondoki kwa mswaki? Moja ya kemikali zake huingia kwenye damu, ikafika mapafuni, na hapo kila pumzi huitoa nje kwa saa nyingi. Majaribio yameonyesha kwamba maziwa, tufaha bichi na majani ya mnanaa huipunguza. Njia nyingine ya wanandoa ni rahisi: kuleni wote.

Je, wajua kwamba busu la sekunde 10 linaweza kuhamisha bakteria hadi milioni 80? Watafiti wa Uholanzi walipima hivyo kwa jozi 21 za wapenzi mwaka 2014, wakakuta pia kwamba wanaobusiana mara nyingi kwa siku hufanana bakteria wa mate. Kwa hiyo kinywa cha mwenzako ni jirani yako wa karibu.

Je, wajua kwamba karafuu ilikuwa adabu ya ikulu? Enzi za Han nchini China, maofisa walishika karafuu mdomoni kabla ya kuzungumza na mfalme. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,500 kabla mikarafuu haijafika Unguja na Pemba. Karafuu na iliki hufunika harufu vizuri, ila hazikwangui ulimi.

Je, wajua kwamba tambuu, inayopendeza kinywa kwenye sherehe za Pwani, ina mtego? Popoo iliyomo ndani yake ilitangazwa na wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa inasababisha saratani.

Je, wajua kwamba mswaki ulikuwa mti kabla haujawa brashi? Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na mti huo bado unaitwa mswaki. Mtume alihimiza sana kuutumia, na aliyekula kitunguu kibichi aliambiwa asikaribie msikiti. Lakini harufu ya kinywa cha mfungaji, yasema Hadithi, ni nzuri kwa Mungu kuliko miski. Basi Ramadhani, vumilianeni.

Je, wajua kwamba harufu iliwahi kufika mbele ya makadhi wa Kiyahudi? Talmud huitaja miongoni mwa kasoro za mume zinazomlazimu kutoa talaka. Rabi Meir alikwenda mbali zaidi: hata kama mke aliijua kabla ya ndoa, anaweza kusema, nilidhani nitavumilia, kumbe siwezi.

Je, wajua kwamba Listerine, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1879, ilianza kama dawa ya kuua vijidudu kwenye upasuaji? Ilikuja kutajirika miaka ya 1920, matangazo yalipowatisha vijana kwamba kinywa kinachonuka kitawakosesha ndoa.

Je, wajua harufu zipi hazingoji? Pumzi inayonuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi kwa mgonjwa wa kisukari ni dharura: hospitali, leo hii. Inayonuka kama mkojo huweza kuashiria figo.

Je, wajua kwamba wapo wanaoamini wananuka ilhali hawanuki? Mzaha mmoja wa mezani mbele ya mashemeji unaweza kumfanya mtu afunike mdomo miaka mingi. Kwa hiyo usimwambie kwa kicheko, wala kwa hasira, wala kwa kumtupia chingamu bila neno. Subiri mbaki wawili, mchana, mmetulia: "Baba Asha, kuna jambo ningependa uniambie mimi kama lingekuwa langu. Kinywa kinatoa harufu siku hizi. Twende wote kwa daktari wa meno, na mimi nikaangaliwe."

Na wewe baba Asha, ukiambiwa hivyo, usimfokee kama Hiero. Sema asante, kisha fungua mdomo.