Asili ya Jina la Benz

Msafiri ashukaye mteremko wa Sachangwan kuingia Salgaa, nchini Kenya, wakati wa magharibi, saa ambayo malori ya masafa marefu yamekwisha kujipanga kandokando ya barabara kuu, na utingo huzunguka akigonga matairi kwa rungu asikilize kama yana upepo, hulisikia neno Benzi likitajwa kwa wepesi utajwao chumvi. Na ni nadra kumkuta, miongoni mwa walitajao, akumbukaye kuwa lilikuwa jina la ukoo kabla halijawa la gari.

Kwa asili Benz si jina la kazi wala la mahali, bali ni ufupisho wa mapenzi, kama vile pwani Abdalla aitwavyo Dula na Khadija akawa Dija: Wajerumani wa kusini-magharibi walilitwaa jina la Bernhard, lililoungwa kwa maneno mawili ya kale, la dubu na la ushupavu, au pengine Berthold, lenye kuashiria mng'aro na utawala, wakalikata mkia, wakalitia z mwishoni, na mtoto akaitika. Tangu karne ya 12, miji ilipofurika watu na majina ya ubatizo yakawa hayatoshi, makarani hawakuwa na budi kumpambanua Johann huyu na Johann yule, na hapo lakabu ya babu ikawaganda wajukuu, ikawa mirathi. Huku kwetu, Mkalenjin azaliwaye alfajiri huitwa Kipkoech, na jina hilo ni la saa yake mwenyewe. Ingawa siku hizi makaratasi ya serikali humfanya awagawie wanawe alfajiri ambayo hawakuzaliwa.

Ajabu ni kwamba Karl Benz, aliyelieneza jina hilo duniani, nusura alikose. Alizaliwa Mühlburg tarehe 25 Novemba 1844, wazazi wake hawajafunga ndoa, akaandikwa kwa jina la mama, Vaillant. La baba akalipata baada ya nikahi, naye baba, dereva wa garimoshi, akafariki mwaka 1846, asimwachie mwanawe kitu cha kudumu kuliko jina. Tarehe 29 Januari 1886 mwana huyo aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Kampuni yake iliungana na kampuni nyingine ya magari, ya Daimler, mwaka 1926. Kwa hiyo ile nyota ya ncha tatu, ambayo kila mtu huiita Benzi, hasa ni alama ya Daimler, na ya Benz ni lile shada la majani lililoizunguka. Wala mtu asidhani kuwa benzini, kama Wajerumani waiitavyo petroli, imetokana na ukoo huu: hiyo chimbuko lake ni luban jawi ya Waarabu, yaani ubani wa Jawa.

Kiswahili nacho, baada ya uhuru, kikalitwaa jina la ukoo, kikalivika kiambishi cha watu, likazaliwa kabila lisilo na mila wala mipaka: Wabenzi, wakubwa waliopanda magari hayo ilhali raia wakienda kwa miguu. Nilimwuliza dereva mmoja pale Salgaa, aliyekuwa akinawa mikono kandoni mwa lori lake la Benz, Actros, kama naye ni Mbenzi. Akacheka. "Mimi, mzee? Mbenzi ni tajiri wangu, yuko Mombasa, amelala."