Netiweki fulu lakini intaneti imeganda: foleni isiyoonekana, kutoka Sirari hadi Mugumu

Netiweki iko fulu. Taa ya ruta inawaka kijani, bando halijaisha, lakini ukurasa unazunguka tu. Wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya simu, wa pili ni mvua.

Mara nyingine lawama ni za haki. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku ile mtu wa Tarime hakuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri.

Ila kuna mgando mwingine ambao hauanzii baharini. Unaanzia ndani ya boksi moja: seva, ruta au kompyuta ya ofisini, kwenye kipande cha programu ambacho watumiaji wengi hawajawahi hata kukisikia. Kinaitwa draiva ya kadi ya mtandao, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kusimamia foleni.

Foleni watu wa Sirari wanaijua vizuri. Barabara kuu inayotoka Mwanza na Musoma inaishia pale, upande wa pili ni Isebania, Kenya, na malori yanapita kwenye kituo cha pamoja cha forodha. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, nao unafika pale kuunganishwa na Kenya. Kwa hiyo mpaka mmoja una foleni mbili: ya malori, ambayo kila mtu anaiona, na ya data, ambayo haionekani. Ukiielewa ya kwanza, ya pili si ngumu.

Yadi yenye nafasi 512

Chochote unachotuma, iwe picha, sauti au fomu, hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1500. Chukulia pakiti ni lori na kadi ya mtandao ni geti la kutokea. Katikati kuna yadi ya kuegesha. Wataalamu huiita pete, kwa sababu nafasi zake zimepangwa kwa mzunguko: ukimaliza ya mwisho unarudi ya kwanza. Pete inaweza kuwa na nafasi 256, 512, hata 4096, kutegemea kadi.

Anayeleta malori ni kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi. Kerneli ya Linux iko kwenye seva nyingi duniani, na ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya simu yako kama ni Android. Draiva (si dereva wa lori, ingawa majina ni ndugu) ni msimamizi wa yadi. Anaonyesha kila pakiti nafasi yake, anaiambia kadi kuna mzigo, na kadi ikishatuma, anaisafisha ile nafasi itumike tena.

Mbona inaonekana rahisi? Ugumu uko kwenye mwendo. Waya wa gigabiti 10 kwa sekunde unaweza kupitisha pakiti kubwa takribani 812,000 kila sekunde. Zikiwa ndogo kabisa, za baiti 64, idadi inafika milioni 14.88. Hapo kila pakiti inapewa nanosekunde 67 tu, yaani sehemu 67 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Kwenye waya wa gigabiti 100, gawanya tena kwa kumi.

Kusimamisha ni rahisi, kuamsha ndiyo ishu

Yadi ikijaa, draiva inaiambia kerneli: usilete tena. Foleni inasimama. Kadi ikishatuma mizigo kadhaa na nafasi kupatikana, draiva inaiamsha foleni na malori yanaingia tena. Hili hutokea mara nyingi tu kwa siku na wala si tatizo.

Tatizo ni kwamba yadi ina wasimamizi wawili. Mmoja yuko geti la kuingilia, mwingine geti la kutokea. Kwenye draiva hizi ni sehemu mbili za kodi ileile, zinazoweza kukimbia kwa wakati mmoja kwenye viini tofauti vya prosesa, na hazina muda wa kusubiriana.

Sasa angalia. Msimamizi wa kuingilia anatazama yadi, imejaa. Anageuka kuchukua kibao cha "IMEFUNGWA". Dakika hiyohiyo malori yote yanatoka. Msimamizi wa kutokea anatazama kule getini: kuna kibao? Hakuna, maana mwenzake bado hajakiweka. Basi hana sababu ya kumwambia yeyote afungue. Anakaa zake. Ndipo yule wa kwanza anarudi na kuweka kibao.

Matokeo yake yadi ni tupu, kibao kiko getini, na hakuna lori lililobaki ndani ambalo likitoka litamshtua msimamizi wa kutokea. Kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa, na foleni imelala. Kama hakuna kitu kingine cha kuigusa, italala hivyohivyo.

Dawa yake ni fupi kuieleza: ukishaweka kibao, rudi utazame yadi tena. Ukikuta nafasi, kiondoe mwenyewe. Lakini hata hiyo haitoshi. Prosesa za kisasa hujipangia mpangilio wa kusoma na kuandika kwenye memori ili kuokoa muda, kwa hiyo kibao kilichowekwa na kiini kimoja kinaweza kuchelewa kuonekana na kiini kingine. Ndiyo maana kodi lazima iwe na amri ya kulazimisha: kwanza kibao kionekane, ndipo yadi itazamwe. Na amri hiyo inatakiwa pande zote mbili. Ikikosekana upande mmoja, ya upande wa pili haisaidii.

Kosa la aina hii ni baya kulikamata. Linaweza kujitokeza mara moja kati ya mamilioni, tena mashine ikiwa na kazi nyingi. Kwenye meza ya majaribio kila kitu safi, lakini siku ya mzigo mkubwa linajitokeza.

Kwa miaka mingi kila aliyeandika draiva alinakili ujanja huu kutoka kwa mwenzake. Mizizi yake inarudi hadi draiva ya kadi za Intel iitwayo e1000, enzi za Linux 2.6.19 ya mwaka 2006. Kunakili si dhambi, ila ukinakili ukaacha mstari mmoja unaodhani hauna kazi, umeshaharibu. Aprili 2023, Jakub Kicinski, mmoja wa wasimamizi wa sehemu ya mtandao ya Linux, alitoa kipande cha pamoja cha kusimamisha na kuamsha foleni, ambacho draiva zote zinaweza kukitumia badala ya kila moja kujitungia. Kiliingia kwenye Linux 6.4. Haikuwa kazi ya kupigiwa makofi mitaani, lakini ni matengenezo ya maana kuliko mengi yanayotangazwa kwa mbwembwe.

Zaidi ya hapo, Linux ina mlinzi wa mwisho. Foleni ikisimama muda mrefu bila kutuma kitu (kwa kawaida kikomo ni sekunde 5, isipokuwa draiva iseme vingine), mlinzi huandika kwenye kumbukumbu za mfumo maneno "NETDEV WATCHDOG" na kuiagiza draiva ijiweke upya.

Sekunde 5 ni ndogo kama unasoma habari. Chukua mfano wa ofisi ya wakala wa forodha pale Sirari, watu wanne wanaingiza nyaraka za mizigo kupitia seva moja. Mgando wa sekunde 5 unaojirudia kila baada ya dakika chache unatosha kuvunja muunganisho katikati ya fomu. Karani anaanza upya, dereva yuko nje anasubiri, na kila mtu anasema "mfumo uko chini" wakati mfumo uko juu kabisa.

Kengele ikilia kila sekunde

Upande wa kupokea una kero yake. Pakiti ikiingia, kadi hupiga kengele, yaani interapti, ili prosesa iache ilichokuwa ikifanya na kuja kuchukua mzigo. Zikija pakiti milioni, prosesa inabaki kukimbilia kengele tu na mzigo wenyewe haushughulikiwi.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Linux inatumia utaratibu uitwao NAPI. Kengele ya kwanza ikilia, draiva inazima kengele na kuchota pakiti kwa mafungu, kwa kawaida hadi 64 kwa mkupuo. Zikiisha, inawasha kengele tena. Mtego ni uleule wa kibao: pakiti ikiingia katikati ya "zimeisha" na "washa kengele", lazima iwepo njia ya kuigundua.

Kadi za kasi pia zina foleni nyingi, kama madirisha ya benki, kila moja na kiini chake cha prosesa. Pakiti za mazungumzo mamoja hupelekwa dirisha moja ili zisipishane. Seva yenye viini 16 ikiwa na dirisha moja tu lililofunguliwa, kiini kimoja kinahema na 15 vinaota jua.

Kuongeza yadi si dawa

Mtu akiona foleni imejaa, wazo la haraka ni kuongeza nafasi. Hapa ndipo wengi hujikaanga.

Nenda Mugumu, wilaya ya Serengeti, kwenye steshenari inayowasaidia vijana kuomba mkopo wa HESLB mtandaoni. Tuseme laini yao ya kupandisha data ni megabiti 2 kwa sekunde. Mmoja anapandisha video, mwingine anataka kutuma fomu siku ya mwisho. Kama ruta ina yadi ya pakiti 1000 za baiti 1500, hizo ni megabiti 12. Kwenye laini ile zinahitaji sekunde 6 kutoka. Fomu, ambayo ni ndogo kama bodaboda, inakaa nyuma ya malori elfu moja. Yadi hiyohiyo kwenye waya wa gigabiti 10 ingeisha kwa milisekunde 1.2, na hakuna ambaye angejua.

(Menyu ya *150*00# huwa inafunguka hata wakati huo kwa sababu haipiti kwenye intaneti. Inapita njia ya ishara za mtandao wa simu. Kwa hiyo "mbona M-Pesa inakubali" si ushahidi kwamba intaneti ni nzima.)

Uvimbe huu wa foleni ulipewa jina la "bufferbloat", na aliyeupigia kelele sana kuanzia 2010 ni Mmarekani Jim Gettys. Tiba zilikuja mwaka 2012. Linux 3.3 ilipata utaratibu wa BQL, kazi ya Tom Herbert, unaopima baiti zilizoko kwenye pete na kuziacha zile tu zinazotosha kadi isikae bure. Pakiti nyingine husubiri juu, ndani ya kerneli. Kule kuna mpangaji wa foleni anayeweza kuipitisha bodaboda mbele ya malori, jambo lisilowezekana kwenye pete, ambako aliyetangulia ndiye anayetoka. Mwaka huohuo Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, inayohesabu muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni. Muda ukibaki juu ya milisekunde 5 kwa kipindi fulani, inaanza kutupa pakiti chache ili mtumaji apunguze mwendo.

BQL inategemea draiva kutoa hesabu ya kweli: baiti ngapi zimeingia, ngapi zimetoka. Draiva ikijiweka upya ikasahau kufuta hesabu ya zamani, kerneli itaamini kuna mzigo bado uko njiani, na itaisimamisha foleni isiyo na kitu. Tunarudi kwenye kibao na yadi tupu.

Kabla ya kuzima na kuwasha

Kuzima na kuwasha hufanya kazi kwa sababu pete inaanza upya ikiwa tupu na kila hesabu inarudi sifuri. Lakini pia kunaweza kufuta ushahidi. Fundi wa seva ya Linux aanze na amri ya dmesg kutafuta maneno "NETDEV WATCHDOG" na namba ya foleni iliyoganda. Amri ya ethtool -S huonyesha hesabu za kila foleni, -g ukubwa wa pete, -l idadi ya foleni. Kama ni foleni moja tu inayoganda kila mara na nyingine ziko poa, kebo haina kosa. Toleo la draiva ndilo la kuangaliwa, pamoja na kerneli ambayo huenda haijasasishwa tangu seva inunuliwe.

Nyumbani au dukani kipimo ni chepesi. Piga ping laini ikiwa haina kazi, kisha piga tena wakati mtu anapandisha video. Ikiruka kutoka milisekunde 40 hadi 2000, kifurushi kikubwa kitapunguza makali tu. Ingia kwenye ruta, tafuta mpangilio wa foleni uitwao fq_codel au CAKE, na uweke kikomo cha kupandisha chini kidogo ya spidi halisi ya laini, ili foleni ikae ndani ya ruta yako.