Maneno Yaliyotoka Utumwani

Mtu akimwita mwenziwe "mjinga" siku hizi, ataka kusema kwamba hana akili au hana elimu. Lakini katika karne ya 19, pwani ya Waswahili, neno hilo lilikuwa pia jina la mtu wa namna yake, yaani mtumwa mpya, aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za mji. Huenda kwao alikuwa mfua chuma hodari, au mama ajuaye dawa na nasaba za jamaa zake zote. Maarifa hayo hayakuhesabiwa kuwa kitu, maana yalikaa katika lugha isiyosikiwa na wanunuzi. Sisi tuipendao lugha hii na kuisifu, yatupasa kujua kwamba ilikuwako siku ambayo ilikuwa kipimo cha kumpimia mtu heshima yake.

Wengi wa wajinga hao walitoka upande wa Ziwa Nyasa, wakashuka kwa miguu hata Kilwa. Shingoni walitiwa kongwa, ndio mti mzito wenye panda, ili wasipate kukimbia. Aliyeshindwa kwenda aliachwa porini, au aliuawa. Kilwa ilikuwa bandari ya biashara hii tangu zamani. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na Sultani wa mji ule apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kulima katika visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliwataka wengi zaidi. Hesabu ya forodha ya Kilwa kwa miaka mitano, 1862 hata 1867, yaonyesha watu 97,203 waliopakiwa majahazini: 76,703 kwenda Unguja, na 20,500 kwenda kwingine. Hao ni wale waliofika pwani wakiwa hai na kulipiwa ushuru. Waliofia njiani hawamo, wala waliopitishwa kwa siri.

Hasara ya kwanza ilikuwa jina. Watumwa walipewa majina ya heri, kama Mabruki na Faraji, na aliyechagua heri hiyo ni bwana. Yuko mmoja ajulikanaye sana, Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa angali mtoto, akauzwa Kilwa kwa nguo, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Afrika, akawa kiongozi wa misafara ya Speke, na Stanley, na Cameron, hata akafa mwaka 1885. Mtu huyu aliyetembea bara letu kuliko karibu wote wa zamani zake, dunia yamjua kwa jina la mji wa Wahindi.

Hasara ya pili ilikuwa ndugu. Mahali pa ndugu lugha iliweka neno "mjoli", maana yake mtumwa mwenzako kwa bwana mmoja. Wajoli hawakuzaliwa pamoja, walinunuliwa pamoja. Na mtoto wao aliitwa "mzalia", naye alikuwa na cheo kuliko mjinga, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kwanza. Haikuwa sifa njema kwa bwana kumwuza mzalia. Twaona basi jinsi daraja zilivyopangwa: kadiri mtu alivyosahau kwao, ndivyo alivyopandishwa. Hata hivyo hakuna daraja iliyomfanya kuwa mwungwana.

"Kibarua" ni barua ndogo. Mtumwa wa mjini aliweza kupelekwa na bwana wake kufanya kazi ya siku kwa mtu mwingine, akapewa cheti cha kuthibitisha kazi yake, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Jina la cheti likawa jina la mtu, kisha la kazi yenyewe. Na "mtoro", ambaye leo ni mtoto asiyefika shuleni, alikuwa yule aliyevunja kifungo na kukimbia. Watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo katika bara ya Mombasa, wakavilinda kwa silaha.

Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kupeleka watumwa baharini kukakatazwa. Lakini utumwa wenyewe ulisimama. Amri ya mwaka 1897 kwa Unguja na Pemba ilimtaka kila mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, naye aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujilisha, asije akahesabiwa mzururaji. Mabwana walilipwa fidia; watumwa hawakulipwa. Masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka mwaka 1909, na Tanganyika utumwa haukufutwa mpaka 1922. Wengi waliopata hati zao walibaki katika mashamba yale yale, wakipalilia mikarafuu ili wapate mahali pa kujenga kibanda. Wengine walikwenda mjini kutafuta kibarua.