Upangikaji wa Makundi: Dhana ya Aljebra na Istilahi Yake katika Kiswahili

Utangulizi

Kuvipanga vitu ni jambo moja. Kuuhifadhi mpangilio wake vitu hivyo viungwapo na vingine ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha dhana ya upangikaji wa makundi katika aljebra. Makala haya yanakusudia kuieleza dhana hiyo kwa wataalamu wa lugha, na kuonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuitaja kwa usahihi, mradi zitumiwe kwa uangalifu.

Mfano wa Kamusi

Na yachukuliwe mashina mawili, som- na somesh-. Kwa alfabeti som- hutangulia, kwa kuwa umbo lake lote limo mwanzoni mwa somesh-. Yakiongezwa kiambishi awali kimoja, mfuatano haubadiliki: anasom- hutangulia anasomesh-. Lakini yakiongezwa kiambishi tamati -wa, mfuatano hupinduka: someshwa hutangulia somwa, maana herufi e hutangulia w. Ni dhahiri basi kwamba mpangilio wa kamusi hustahimili nyongeza ya kushoto, wala haustahimili kila nyongeza ya kulia.

Maana ya Kundi Linalopangika

Katika aljebra, kundi ni seti ya vipengee pamoja na kanuni ya kuunga viwili kupata kingine kilichomo katika seti ile ile. Kanuni hiyo haiathiriwi na mahali pa mabano. Kipo kipengee tuli, kisichobadili kingine chochote. Na kila kipengee kina kinyume chake, ambacho kikiungwa nacho huleta kipengee tuli. Nambari kamili zikijumlishwa ni kundi: 0 ndiyo tuli, na kinyume cha 5 ni -5.

Kundi hupangika kushoto iwapo vipengee vyake vyaweza kuwekwa katika mfuatano mmoja kamili, usiogeuka kipengee chochote kiungwapo kushoto mwa vyote. Hupangika pande mbili iwapo mfuatano huo huo hustahimili nyongeza ya kushoto na ya kulia pia.

Si kila kundi lenye sifa hiyo. Saa 12 za mchana, zikijumlishwa kwa kuzunguka, ni kundi ambalo saa 12 ndiyo tuli. Ikisemwa kuwa 12 hutangulia 1, basi kwa kuongeza 1 tena na tena, 1 hutangulia 2, na 2 hutangulia 3, hata 11 ikatangulia 12. Hivyo 12 imejitangulia yenyewe, jambo ambalo ni muhali. Mfuatano wa kinyume hufikia muhali ule ule. Kwa hiyo kundi lenye kipengee kinachozunguka na kurudi kwenye tuli halipangiki.

Kisa cha pili ni kundi la chupa ya Klein. Lina vipengee x na y, na sharti lake ni kwamba x ikiwekwa kati ya y na kinyume cha y, hugeuka kuwa kinyume cha x. Mpangilio wa pande mbili ungelazimu x na kinyume chake viwe upande mmoja wa tuli, ilhali kitu na kinyume chake lazima vitenganishwe na tuli. Kundi hili hupangika kushoto tu.

Maneno Yenye Vinyume

Wanahisabati nao huzungumzia maneno. Kundi huru ni seti ya maneno yote yanayoandikika kwa herufi kama a na b pamoja na vinyume vyake, ambapo herufi na kinyume chake zikikaribiana hufutana. Mpangilio wa kamusi haufai hapa hata kwa upande wa kushoto. Katika kamusi neno tupu hutangulia yote. Lakini neno tupu likitangulia a, basi kwa kuongeza kinyume cha a kushoto, kinyume hicho hutangulia neno tupu.

Utatuzi ulipatikana katika njia ya Wilhelm Magnus ya miaka ya 1930. Badala ya a huandikwa 1 + A, na badala ya kinyume chake huandikwa 1 - A + AA - AAA, na kuendelea bila kikomo. Kila neno huwa jumla inayoanza na 1. Maneno mawili hulinganishwa kwa vizidishi, kuanzia vya tungo fupi hadi ndefu, na tungo zenye urefu sawa hufuata alfabeti. Tofauti ya kwanza ndiyo inayoamua. Kwa kuwa kila jumla huanza na 1, kuzidisha upande wowote hakugusi tofauti hiyo ya kwanza. Kundi huru basi hupangika pande mbili.

Makundi ya misuko, aliyoyaeleza Emil Artin mwaka 1925, yana hali nyingine. Katika miaka ya 1990 Patrick Dehornoy alithibitisha kwamba hupangika kushoto. Lakini misuko ya nyuzi tatu au zaidi haipangiki pande mbili.

Faida ya Dhana

Vipengee vya kundi huweza kupewa vizidishi na kujumlishwa. Kundi likipangika, hata kushoto tu, zao la jumla mbili zisizo sifuri haliwi sifuri, wala jumla ya vipengee viwili au zaidi haiwi na kinyume. Ilidhaniwa kwa miaka mingi kwamba kukosa kipengee kinachozunguka kunatosha kuleta sifa hii ya pili. Mwaka 2021 Giles Gardam alikanusha dhana hiyo: katika kundi lisilopangika, ingawa halina kipengee kinachozunguka, alipata jumla ya vipengee 21 yenye kinyume.

Suala la Istilahi

Kundi lililopangwa limekwisha kupewa mpangilio maalumu. Kundi linalopangika laweza kupewa. Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka zinatenga dhana hizi mbili bila kuhitaji neno la kukopa. Hata hivyo, kiambishi -ik- kina maana mbili: uwezekano na hali iliyokwisha kufikiwa. Kusema kundi limepangika ni kudokeza kwamba kazi imekwisha, na kumpotosha mwanafunzi anayetakiwa kuthibitisha uwezekano tu. Inafaa istilahi hii ishikamane na -na- au hu-, na nomino yake iwe upangikaji, si mpangilio. Umakini huo ukikosekana, nadharia inayosema kwamba mpangilio upo itasomeka kana kwamba mpangilio umekwisha kutajwa.